Homa ya mtoto inaweza kuanzia zizini

Mzazi, ukimpeleka zahanati mtoto mwenye homa, swali utakaloulizwa mapema ni kama analala kwenye chandarua. Ni swali sahihi. Huku kwetu Shinyanga na Geita malaria bado ipo, na kipimo chake kinafanyika kwanza. Lakini yapo maswali mengine ambayo mara nyingi hayaulizwi, na mzazi naye hayataji: Nyumbani mna ng'ombe? Nani anakamua? Maziwa mnayachemsha au mnakunywa yakiwa na joto la kiwele?

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, mkoani Kilimanjaro. Wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7, waliandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vya maabara vilipofanyika kwa umakini, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo.

Moshi si Kahama, na malaria ya huku ni nyingi kuliko ya kule. Usisome takwimu hizo ukaacha kumpima mtoto malaria. Zisome hivi: kama kipimo kimesema hakuna malaria, au mtoto amemaliza dozi na homa imerudi, mtajie mhudumu habari za zizi lako.

Mvua zinakaribia na wafugaji wanaanza shughuli za msimu. Leo tupitie shughuli hizo moja moja, kwa jicho la mzazi. Sizungumzii mwenye ng'ombe mia tatu. Nazungumza na familia yenye ng'ombe wanne, sita au kumi, ambayo ada ya shule, maziwa ya mtoto na plau ya kulimia vyote vinatoka kwenye zizi moja.

Kabla ya mvua: chanjo

Oktoba na mwanzoni mwa Novemba ng'ombe wamekonda, nyasi zimeisha, na wote tunatazama mawingu. Huu ndio wakati wa kumwona ofisa mifugo wa kata kuhusu chanjo, hasa ya kimeta na chambavu. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, huzalisha Kibaha chanjo ya pamoja ya magonjwa haya mawili. Hutolewa mara moja kwa mwaka.

Kwa nini kabla ya mvua? Vijidudu vya kimeta hujificha kwenye udongo miaka mingi, hata makumi ya miaka. Kiangazi ng'ombe hula nyasi hadi mizizi na kumeza udongo. Mvua za kwanza nazo hufukua na kusambaza kilichokuwa kimelala. Ng'ombe aliyeonekana mzima jioni anaweza kukutwa amekufa asubuhi, tumbo limevimba haraka, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au njia ya haja.

Hapo ndipo panapoumiza familia. Ng'ombe ni mali, na mali imelala chini. Mtu atasema tuchune upesi, tugawane nyama, walau ngozi iuzwe. Mzazi, usikubali. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi wala hauchunwi. Ukiupasua, vijidudu vinapata hewa na kutengeneza maganda magumu yanayobaki kwenye ardhi yako kwa kizazi kijacho. Anayechuna huweza kupata kidonda kisichouma sana, chenye kovu jeusi katikati, kwenye mkono au shingo. Anayekula huweza kupata kimeta cha tumbo, ambacho ni kibaya zaidi. Kimeta kwa binadamu kinatibika kwa dawa za kawaida za hospitali, lakini ukiwahi.

Ofisa mifugo aitwe, mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe kwa maelekezo yake, na watoto na mbwa wakae mbali. Nyama ya kibudu haigeuki salama kwa sababu imechemka muda mrefu jikoni. Aliyeishika mbichi ameshajiweka hatarini kabla sufuria haijabandikwa.

Kuhusu gharama, Juni 2025 Serikali ilizindua kampeni ya miaka mitano ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na uzinduzi ulifanyika kwa jirani zetu Bariadi, mkoani Simiyu. Katika kampeni hiyo ng'ombe huchanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo huchanjwa sotoka, na kuku wa asili huchanjwa magonjwa yao. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo mfugaji anachangia sehemu ya gharama tu, na kuku ni bure. Angalia vizuri: chanjo ya homa ya mapafu haikingi kimeta. Ng'ombe mwenye hereni ya utambulisho sikioni si lazima awe amechanjwa kila kitu. Uliza amechanjwa nini, lini, na uandike.

Mvua zikishika: kupe

Nyasi zikiota, kupe nao wanaamka. Kupe wa kahawia wa sikioni ndiye anayeleta ndigana kali, ugonjwa unaomaliza ndama wetu kuliko mengi mengine. Dalili ya mapema unaweza kuishika kwa mkono: papasa chini ya sikio la ndama kila asubuhi. Tezi likiwa limevimba na mwili una joto, usisubiri akohoe na kutoa povu puani. Dawa ya ndigana kali ipo, lakini husaidia aliyewahiwa. Ipo pia chanjo yake, ambayo ndama huchanjwa mara moja na kinga hudumu miaka mingi. Ulizia kama inafika wilayani kwako.

Kinga ya kila siku ni kuogesha. Wakati wa mvua ni kila wiki, na kiangazi huweza kuwa kila baada ya wiki mbili, kwa kufuata maelekezo ya dawa na ya mtaalamu. Kama josho la kijiji linafanya kazi, litumie. Wanyweshe ng'ombe maji kabla ya kuwapeleka, ili wasifike na kiu wakanywa maji ya dawa. Ndama wadogo, ng'ombe wenye mimba kubwa na wagonjwa wasirushwe joshoni, bali wapuliziwe kwa bomba.

Anayepulizia nyumbani ahesabu. Ng'ombe mkubwa mmoja anahitaji lita kadhaa ili alowe hadi ndani ya sikio, chini ya mkia, mapajani na kwenye kiwele. Bomba moja la lita 20 likipulizwa kundi zima linalowesha manyoya na kumwacha kupe hai. Kuzimua dawa kuliko lebo inavyosema ni mbaya zaidi, kwa sababu kupe anayenusurika kila wiki huzoea dawa. Mwaka unaofuata utanunua dawa ileile na haitaua kitu.

Chupa ya dawa iko wapi sasa hivi?

Ningependa usimame kidogo hapa, ukaangalie. Dawa ya kuogeshea iko wapi nyumbani kwako? Juu ya kabati la vyombo? Chini ya kitanda? Imemiminwa kwenye chupa ya soda kwa sababu jirani aliomba kidogo?

Dawa hizi zimetengenezwa kuua kupe, na mtoto wa miaka miwili hahitaji nyingi kudhurika. Akinywa au akimwagikiwa anaweza kusinzia isivyo kawaida, kutapika, kutokwa mate mengi, kupumua kwa shida, moyo kupiga polepole au kupata degedege. Ikitokea, usimtapishe na usimpe maziwa ukidhani yataua sumu. Kama imemwagikia mwilini, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Kisha mkimbize kituo cha afya na chupa yenyewe mkononi. Mhudumu akisoma lebo atajua anapambana na nini, kwa sababu tiba ya dawa ya aina moja si tiba ya nyingine.

Sheria za nyumbani ni chache. Dawa ibaki kwenye chupa yake na ifungiwe mahali mtoto hafiki. Chupa tupu isitumike kuchotea maji, kubebea maziwa au kuwekea mafuta ya taa, hata ukiiosha mara saba. Toboa, uitupe kwenye shimo lililo mbali na kisima. Bomba la dawa lisioshewe lamboni. Mtoto wa shule asipewe kazi ya kupulizia. Na anayepulizia avae glavu, buti na nguo ya mikono mirefu, asimame upande upepo unakotokea, kisha aoge kabla ya kumbeba mtoto.

Kamueni kwanza, ndipo mpulizie. Kabla ya kukamua tena, osheni kiwele kwa maji safi.

Ng'ombe ametupa mimba

Hili linahusu zaidi akina mama na vijana wa kike, kwa sababu mara nyingi ndio wanaosafisha zizi. Ng'ombe anapotupa mimba, hasa ya miezi mitano kwenda juu, moja ya sababu ni ugonjwa wa kutupa mimba ambao kitaalamu huitwa brusela. Vijidudu vyake hujaa kwenye kondo la nyuma, kwenye majimaji ya uzazi na kwenye maziwa.

Kwa binadamu ugonjwa huu huja taratibu: homa inayopanda na kushuka, jasho jingi usiku, maumivu ya kiuno na magoti, uchovu ambao mtu anaitwa mvivu kwa sababu yake. Kwa wanaume, korodani zinaweza kuvimba. Mgonjwa anatibiwa malaria, anarudi na kutibiwa taifodi, kisha familia inaanza kutafuta nani kamroga. Tiba halisi ni dawa mbili kwa pamoja, kwa kawaida zisizopungua wiki sita. Anayemeza wiki moja na kuacha kwa kuwa amepata nafuu, ugonjwa unamrudia.

Kwa hiyo usishike kondo au ndama aliyekufa kwa mikono mitupu. Glavu zinapatikana duka la dawa. Mjamzito asihusike kabisa. Fukia vitu hivyo shimo refu, mbwa wasifukue. Ng'ombe huyo mtenge, na umwombe ofisa mifugo achukue damu ikapimwe. TVLA ina kituo Mwanza, si mbali kama tunavyodhani. Chanjo ya brusela ipo kwa mitamba wachanga na hutolewa na mtaalamu.

Kukiwa na mvua kubwa kupita kiasi, halafu ng'ombe, mbuzi na kondoo wengi wa kijiji wakatupa mimba kwa pamoja na ndama na watoto wa mbuzi wakafa, toeni taarifa siku hiyohiyo. Inaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2007 ugonjwa huo uliua Watanzania zaidi ya 100, baada ya mvua za aina hiyohiyo.

Maziwa ya mtoto

Brusela, kifua kikuu cha ng'ombe na vijidudu vya kuharisha vyote hupita kwenye maziwa mabichi, na vyote hufa yakichemka. Yaache yaumuke, punguza moto, koroga, yaendelee kuchemka dakika chache, kisha funika. Hakuna dawa ya bei nafuu kuliko hiyo.

Najua hoja inayofuata: mtindi wa maziwa yaliyochemshwa haugandi vizuri. Unaganda. Chemsha, acha yapoe hadi uvuguvugu, weka vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana, funika, na usitikise. Kibuyu kioshwe kwa maji ya moto na kukaushwa. Usitegemee uchachu peke yake kuua vijidudu, kwa sababu brusela huweza kuishi kwenye maziwa mgando kwa siku kadhaa.

Jambo jingine ni sindano. Ng'ombe akichomwa antibayotiki, dawa hubaki kwenye maziwa na nyama kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo. Kwa dawa zinazokaa muda mrefu mwilini, nyama huweza kuhitaji hata wiki nne kabla ya kuliwa. Siku hizo zikiwa hazijaisha, maziwa asipewe mtoto wala asiuziwe jirani. Mtoto anayekunywa dawa kidogokidogo bila kujua anawazoesha vijidudu dawa ambayo kesho ataihitaji mwenyewe wodini. Hapo kuna hasara ya wiki nzima ya maziwa, na ndiyo maana wengi hunyamaza. Lakini chanjo na kuogesha vinapunguza siku za kuhitaji sindano.

Dang'a ni la ndama. Ayanyonye mapema, ndani ya saa sita za kwanza, kwa maana ndiyo kinga yake. Kitovu kipakwe dawa ya iodini siku hiyohiyo.

Mtoto anayechunga

Mvua zikipungua, Mei na Juni, wape ng'ombe dawa ya minyoo, kama mlivyofanya zilipoanza. Wanaokunywa kwenye majaruba ya mpunga na mbugani wapewe dawa inayoua pia minyoo ya ini, ambayo hukaa kwenye konokono wa majini.

Konokono wa namna hiyo wana ndugu zao wanaobeba kichocho cha binadamu. Kijana anayeingia lamboni hadi magotini kuwanywesha ng'ombe, halafu anaoga humo, anaweza kurudi nyumbani nacho. Akikojoa damu, asiambiwe amekuwa mkubwa. Apelekwe zahanati. Dawa ya kichocho hutolewa pia shuleni, na mtoto aliyekuwa malishoni siku hiyo ndiye anayeikosa, ingawa ndiye anayeihitaji kuliko wote. Siku ya dawa shuleni, ng'ombe wachungwe na mtu mwingine.

Kwa wanaoishi karibu na machimbo, kuanzia Kahama na Msalala hadi Mbogwe na Geita, kuna onyo la ziada. Ng'ombe wenye kiu hawachagui maji. Mashimo ya kuoshea dhahabu yana tope lenye zebaki, na mabwawa ya kuchenjulia huweza kuwa na sayanaidi inayoua ng'ombe kwa muda mfupi sana. Ng'ombe aliyefia hapo asiliwe. Mwoneshe mchungaji njia ya kupita, na kama kuna shimo lisilo na uzio karibu na malisho, lipelekeni kwenye mkutano wa kijiji kabla halijaua ng'ombe au mtoto. Ndugu anayechoma dhahabu afanyie mbali na nyumba na zizi. Moshi wa zebaki hauonekani, na unaumiza ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.

Kiangazi: chakula

Ng'ombe mwenye njaa huugua upesi, na maziwa hukauka wakati ambao watoto wanayahitaji kuliko miezi yote. Wasukuma walikuwa na jibu kabla ya mradi wowote: ngitili. Sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikakua na kukaukia humo, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai.

Tuliwahi kuipoteza. Kuanzia miaka ya 1920 misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa kupambana na mbung'o, kisha vikafuata kilimo cha pamba na mifugo mingi, hadi mkoa ukaitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wananchi wakarudia ngitili zao. Ndani ya miaka isiyozidi 20, ngitili zikafikia zaidi ya hekta 300,000. Kama baba na babu zetu waliweza kwa mkoa, familia inaweza kwa ekari moja. Ongeza mabua yaliyohifadhiwa kivulini, pumba za mpunga, mashudu ya pamba kwa anayekamuliwa, na chumvi ya kulamba.

Nani anajua, nani analipa

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Katika nyumba nyingi, mama au binti anakamua, kijana anachunga, na baba ndiye anayeamua lini dawa inunuliwe. Maana yake anayeona tezi la ndama limevimba hana fedha mfukoni, na mwenye fedha huenda yuko mnadani au machimboni. Siku mbili za kumsubiri zinatosha kumpoteza ndama.

Kaeni jioni moja mkubaliane. Fedha kidogo ya zizi ibaki nyumbani, mikononi mwa anayekamua. Chukueni daftari la mtoto lililobaki kurasa, mwandike jina la kila ng'ombe, tarehe ya chanjo, ya kuogesha, ya minyoo, ya sindano, na siku maziwa yake yatakapokuwa salama. Namba ya ofisa mifugo iandikwe juu ya ukurasa wa kwanza. Siku mtoto atakapopata homa isiyoeleweka, nenda nalo zahanati pamoja na kadi yake ya kliniki.

Wiki ijayo: degedege, na mambo ya kumfanyia mtoto kabla hujafika hospitali.